Msomi Mwenye Upande na Amana ya Ukweli



 Mwaka huu tunaanza kwa kukiri kosa, kisha ndipo tutoe nasaha.

Wanafunzi waliokwenda ziara ya Mwitongo, Butiama, watakumbuka. Tuliona kaburi la Mwalimu Julius Nyerere na makumbusho yake, na tuliporudi Musoma tukafanya mdahalo baada ya sala ya Isha. Kundi la kwanza, wengi wao watoto wa Butiama, walimtetea Mwalimu kwa kila jambo. Kundi la pili, ambao wamesikia majumbani kwao habari za mwaka 1968, walimlaumu kwa kila jambo. Sisi walimu, badala ya kuwaongoza wote, tuliegemea kundi la pili, tukataja na idadi ya masheikh waliofungwa zama zile. Kijana mmoja wa Bunda akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu: "Ustadh, hiyo idadi tumeipata wapi?" Hatukuwa na jibu. Tukamwambia akae chini.

Kosa letu halikuwa kuwa na upande. Mwenye elimu anaruhusiwa kuwa na upande katika mambo ya nchi yake, na dini yetu haimtaki anyamaze anapoona dhulma. Lakini elimu ni amana. Suratun Nisaa inatufundisha kusimamia uadilifu hata kama ushahidi utatuangukia sisi wenyewe au wazazi wetu. Suratul Hujurat inatuamrisha tuhakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Hatukuambiwa popote kwamba habari ikiwa na faida kwa upande wetu, basi wajibu wa kuihakiki umeondoka.

Tumtazame Mwalimu mwenyewe kwa mizani hiyo. Mtoto huyu wa Butiama, aliyeanza masomo katika shule ya Mwisenge hapa Musoma mwaka 1934, alikuwa msomi kabla ya kuwa mtawala. Alisoma Makerere na Edinburgh, na mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili aitumikie TANU. Mwaka 1967 chama chake kikatoa Azimio la Arusha. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, angeweza kuandika sifa tupu na watu wakampigia makofi. Badala yake aliandika wazi kwamba Tanzania bado haijawa nchi ya ujamaa wala haijajitegemea. Na mwaka 1984 alisema kwamba kama angeanza upya, yako mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa, jambo lililofanyika mwaka 1972, na kuvunja vyama vya ushirika, jambo lililofanyika mwaka 1976. Wazee wetu wakulima wa pamba wa Bunda wanajua uzito wa maneno hayo, maana ushirika ulikuwa wao. Watawala wangapi wamekiri hivyo wakiwa bado madarakani? Mwenye haki apewe haki yake.

Lakini mizani ina pande mbili. Kukiri huko kulikuja baada ya hasara kufika, na waliokuwa tayari kusema mapema hawakuachiwa nafasi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na jarida lao lililoitwa Cheche. Waandishi wake hawakuwa maadui wa ujamaa, bali waliutaka hasa. Ndiyo maana walitaka kuupima: nani ananufaika, na nani anabaki mtupu? Mwaka 1970 Issa Shivji aliandika humo uchambuzi mrefu juu ya matabaka nchini, na mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, jarida na umoja wa wanafunzi waliolitoa vikapigwa marufuku. Hao ndio wasomi wenye upande tunaotaka vijana wetu wawafahamu. Waliupenda upande wao kiasi cha kuuambia ukweli. Na aliyewanyamazisha alijinyima kioo cha kujitazama.

Sasa turudi kwetu, maana ni rahisi kumhukumu aliye kaburini. Sisi Waislamu wa Tanzania tunayo malalamiko ya kihistoria, na mengi yana msingi. Ni kweli kwamba TANU iliyoasisiwa Julai 7, 1954 ilibebwa na Waislamu wengi, wakiwemo Abdulwahid Sykes, Sheikh Hassan bin Ameir, Sheikh Suleiman Takadir na Bibi Titi Mohamed. Ni kweli kwamba mwaka 1968 Sheikh Hassan bin Ameir aliondoshwa Dar es Salaam akarejeshwa Zanzibar, na kwamba mwezi wa Desemba mwaka huo jumuiya ya EAMWS ilipigwa marufuku na BAKWATA ikaundwa. Kwa miaka mingi mambo haya yalinong'onwa barazani. Mwaka 1998 Mohamed Said alitoa kitabu cha maisha ya Abdulwahid Sykes, akataja majina, tarehe na nyaraka. Tangu hapo hata asiyekubaliana naye analazimika kujibu hoja kwa hoja. Hiyo ndiyo nguvu ya ukweli uliohakikiwa. Mnong'ono haukuweza kuifanya kazi hiyo.

Wapo watakaosema: "Wenzetu hawasemi ukweli wote, kwa nini sisi tujifunge mikono?" Jawabu letu ni kwamba aliyedhulumiwa hana mali nyingine ila ukweli wake. Mwenye nguvu akisema uongo, nguvu zake zitamlinda kwa muda. Mnyonge akisema uongo mmoja, ukweli wake kumi hutiliwa shaka pamoja nao. Idadi moja ya kubuni ikitoka katika kinywa cha ustadh inatosha kumpa mpinzani sababu ya kutosikiliza habari za Sheikh Hassan bin Ameir ambazo ni za kweli tupu. Tulidhani tunaisaidia haki yetu, kumbe tunaitoboa.

Na liko jambo linalotutisha zaidi. Kijana aliyeambiwa "kaa chini" kwa sababu ameuliza ushahidi, hajifunzi mapenzi ya dini. Anajifunza kwamba kwa wakubwa swali ni utovu wa adabu. Kesho akiwa mwalimu, diwani au mbunge, naye atawaambia wenzake wakae chini. Elimu ya hadithi tunayoisomesha hapa imejengwa juu ya kuuliza: nani kasimulia, kasikia kwa nani, na je, ni mkweli? Tunawezaje kuwafundisha isnadi asubuhi, na usiku tukawakataza kuitumia?

Basi nasaha yetu kwa wanafunzi ni hii. Mkiwa na upande, muwe wa kwanza kuuhesabia makosa yake. Msitaje idadi msiyojua ilikotoka. Jifunzeni kusema "sijui" bila haya, maana Imam Malik, pamoja na ukubwa wake, alikuwa akijibu hivyo mara nyingi. Nanyi wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama, mtoto akiuliza barazani "Baba, hilo tumelijuaje?" msimkemee. Mjibuni, au tafuteni jibu pamoja naye.

Ama kijana wetu wa Bunda, tulimsimamisha siku ya pili mbele ya wenzake, tukawaambia wote kwamba yeye alikuwa na haki na sisi tulikosea. Idadi ile tumeifuta, na haitatajwa tena darasani mpaka atakayeitaja atuoneshe alikoipata.

Wabillahi tawfiiq.