Siku 60 za rubani aliyekamatwa amelewa
Na Salome Mwandambo

Chukua mfano wa rubani wa ndege za abiria nchini Marekani anayerudi nyumbani kutoka harusini. Kesho yake hana safari, wala keshokutwa. Polisi wanamsimamisha njiani, anapuliza kipimo, kinasoma asilimia 0.11. Kiwango cha mwisho kwa dereva katika majimbo karibu yote ni 0.08; Utah pekee ndiyo iliyoshusha hadi 0.05. Hajamgonga mtu, na gari lake halina hata mkwaruzo. Analala mahabusu, asubuhi anatoka kwa dhamana, anampigia wakili.

Watu wengi hudhani kwamba kuanzia hapo hatima ya kazi yake iko mikononi mwa hakimu. Haiko huko. Hakimu atashughulika na gari, faini na pengine kifungo kifupi. Kazi ya urubani itaamuliwa na Mamlaka ya Safari za Anga ya Marekani, FAA, na kitu cha kwanza ambacho FAA itatazama ni kama mwenyewe alijitokeza kusema, na alisema lini.

Tangu Novemba 29, 1990, kila mwenye leseni ya urubani nchini humo anatakiwa kuiandikia mamlaka hiyo barua ndani ya siku 60 baada ya kutiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, au baada ya leseni yake ya udereva kusimamishwa kwa sababu hiyo. Kanuni haikutungwa hivi hivi. Mwaka 1987 wakaguzi wa wizara ya uchukuzi walilinganisha orodha ya marubani na kumbukumbu za madereva, wakakuta maelfu ya marubani waliowahi kupatikana na kosa hilo, na wengi wao hawakuwa wamelitaja popote.

Barua yenyewe ni fupi: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni ya urubani, aina ya kosa, tarehe, na jimbo linalotunza kumbukumbu. Ni kazi ya dakika 10. Pamoja na hayo, hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, na sababu yake ni kalenda. Katika majimbo mengi, ofisi ya leseni za udereva haisubiri mahakama. Dereva akizidi kiwango, au akikataa kupuliza, leseni yake inasimamishwa kiutawala mapema, wakati kesi haijasikilizwa. Siku 60 zinaanza kuhesabiwa hapo. Wakili wa kesi za barabarani, ambaye pengine hajawahi kumtetea rubani, anamshauri mteja wake anyamaze mpaka hukumu itoke. Hukumu inachukua miezi mitano. Rubani anaandika barua siku ya pili baada ya hukumu akiamini amewahi, kumbe amechelewa miezi mitatu. Na hukumu hiyo nayo inadai barua yake ya pili, ingawa tukio ni lile lile moja.

Kisha kuna fomu ya afya. Rubani wa ndege kubwa aliyevuka miaka 40 hupimwa na daktari wa anga kila miezi sita. Aliye chini ya umri huo, mara moja kwa mwaka. Katika fomu hiyo kuna swali la 18, kipengele cha v, linalouliza kuhusu kukamatwa na kutiwa hatiani kwa kuendesha ukiwa umelewa. Linauliza kukamatwa pia. Hata mashtaka yakifutwa, jibu linabaki kuwa ndiyo. Na kulijibu swali hilo hakuiondoi ile barua, kwa sababu fomu inakwenda kwa madaktari na barua inakwenda kwa watu wa usalama. Anayeweka alama ya hapana akijua fika kwamba anadanganya anaingia kwenye kosa la jinai la serikali kuu, lenye kifungo cha hadi miaka 5 na faini inayoweza kufika dola 250,000. Hesabu ni ya kusikitisha: mtu aliyekuwa na kosa dogo la barabarani anajitafutia kosa kubwa kwa alama moja ya kalamu. Wala haifichiki, kwani kwa kutia saini fomu hiyo anairuhusu FAA ipekue rejesta ya taifa ya madereva.

Aliyesema ukweli kwa wakati hupita njia nyingine kabisa. Kama ni mara yake ya kwanza, kipimo hakikufika 0.15 na hakukataa kupuliza, daktari wa anga akisharidhika na nyaraka za polisi na mahakama anaweza kumpa cheti cha afya siku hiyo hiyo. Kikifika 0.15, au akiwa alikataa kupimwa, faili linapelekwa juu na anatakiwa kuchunguzwa na mtaalamu kama ana tatizo la ulevi. Makosa mawili ndani ya miaka mitatu yanatosha kuifanya leseni ya urubani isimamishwe au ifutwe.

Mipaka ya nchi ni shida nyingine. Desemba 18, 2018 Kanada iliongeza adhabu ya juu ya kosa hili hadi miaka 10, na hivyo likahesabika kuwa jinai nzito katika sheria zake za uhamiaji. Rubani mwenye hatia ya namna hiyo anaweza kuzuiwa Toronto, na mwajiri hana faida na rubani asiyeweza kushuka Toronto. Marekani nayo, tangu Novemba 2015, huweza kufuta viza ya mgeni aliyekamatwa kwa kosa hili katika miaka mitano iliyopita, hata kabla hajahukumiwa. Marubani wanaorusha ndege kati ya Nairobi na New York, safari iliyoanza Oktoba 2018, wana kila sababu ya kulijua hilo.

Abiria wengi wakisikia habari hizi husema mtu wa namna hiyo afukuzwe, basi. Hasira yao inaeleweka. Kwa kosa la kurusha ndege ukiwa na kilevi mwilini safu hii haina neno la utetezi. Kanuni ya saa 8 bila pombe na kiwango cha 0.04 ni ya haki kabisa. Lakini kufukuza kila anayejitaja kunawafundisha waliobaki kujificha, na mlevi aliyejificha ndiye wa kuogopwa zaidi akiwa kwenye usukani wa ndege.

Aliyeonyesha njia nyingine ni Lyle Prouse. Machi 8, 1990, yeye na wenzake wawili wa Northwest Airlines walirusha Boeing 727 kutoka Fargo kwenda Minneapolis asubuhi, baada ya kunywa baa usiku uliotangulia. Ndege ilitua salama, nao wakakamatwa. Kipimo cha Prouse, kilichochukuliwa saa kadhaa baada ya kinywaji cha mwisho, kilikuwa 0.13. Alifungwa miezi 16, akafukuzwa kazi, leseni zake zote zikafutwa. Akaacha pombe. Alipotoka gerezani alianza upya kwenye vindege vidogo, mtihani mmoja baada ya mwingine, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanahesabu miaka ya kustaafu. Mwaka 1993 Northwest ilimrudisha kazini. Alistaafu mwaka 1998 akiwa kapteni wa Boeing 747, na Januari 2001 Rais Bill Clinton akampa msamaha. Jaji aliyemfunga aliunga mkono ombi hilo. Joseph Balzer, aliyekuwa mhandisi wa ndege siku hiyo, naye alirudi angani, akiwa na American Airlines.

Hawakurudi kwa huruma tupu. Marekani ina mpango uitwao HIMS, ulioanza mwaka 1974 chini ya chama cha marubani, unaowakutanisha mwajiri, chama, madaktari na FAA. Rubani anatibiwa, anachunguzwa na daktari wa akili, anahudhuria vikao vya waraibu wenzake, anapimwa kwa kushtukizwa, na rubani mwenzake anamfuatilia kwa miaka. Maelfu wamerejea kazini kupitia mlango huo, na baadhi yao walijisalimisha au walisukumwa na wenzao kabla hawajafika mahakamani.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wake, limeandika jambo lile lile katika Kiambatisho cha 1 cha mkataba wake: anayetumia vileo kiasi cha kuhatarisha usalama aondolewe kazini, na kurejeshwa kwake kufikiriwe baada ya matibabu kufanikiwa. Kwa hiyo msingi upo. Kazi ya mamlaka za anga na mashirika ya ndege ya Afrika Mashariki ni kuhakikisha rubani kijana anaifahamu njia hiyo tangu wiki ya kwanza ya ajira: amwite nani usiku akikamatwa, ana siku ngapi za kuripoti, daktari gani atamsikiliza, na kwa masharti gani atarudi kwenye kiti chake. Vyama vya marubani vikae mezani wakati masharti hayo yanaandikwa, maana mtu wa kwanza kumnusa rubani kilevi ni rubani mwenzake, na atasema tu kama ana hakika kwamba kumtaja rafiki yake ni kumpeleka kwenye matibabu.