Neno la Mhariri: Picha Ugenini, Sauti Nyumbani

Mjadala kuhusu picha jongefu za Mwalimu Julius Nyerere, yaani mikanda ya filamu inayomwonyesha akiwa Rais kati ya mwaka 1962 na 1985, akihutubia wananchi, akipokea wageni na kuzuru nchi za nje, umegeuka kuwa mjadala wa umiliki peke yake. Upande mmoja unadai kwamba mikanda iliyohifadhiwa London, Beijing, Belgrade na Washington irejeshwe, ikiwa si kwa asili yake basi kwa nakala. Upande wa pili unajibu kwamba picha za viongozi ni propaganda, hivyo historia haipati hasara kubwa zikibaki huko ziliko. Toleo hili linashikilia kwamba pande zote mbili zimelikwepa swali lililo gumu zaidi, nalo ni hili: mkanda ukisharejea, nani atakayeweza kuusoma? Nakala isiyo na sauti, isiyo na tarehe ya uhakika na isiyo na jina la mtu yeyote isipokuwa la Rais haiwi kumbukumbu ya taifa kwa sababu tu imevuka bahari.

Chanzo cha tatizo hili kimo ndani ya kamera. Wapigapicha wengi wa habari wa miaka ya 1960 walibeba kamera nyepesi za milimita 16 zilizoendeshwa kwa springi kama saa ya mkono, ambazo zilipiga picha kwa takriban nusu dakika kabla ya kutiwa ufunguo upya na ambazo hazikunasa sauti, kwani kunasa sauti kulihitaji mashine nzito zaidi na mara nyingi fundi wa pili. Mtu mwenye kamera ya namna hiyo hawezi kurekodi hotuba ya saa nzima, ila anaweza kurekodi kiongozi akishuka kwenye ndege, gwaride likikaguliwa, mikono ikishikana na umati ukishangilia. Wanaoiita mikanda hiyo propaganda wanaona kweli kwamba imejaa sherehe, lakini wanakosea wanapodhani kwamba sababu yake ni nia ya wakubwa pekee, ilhali sehemu kubwa ya sababu ni urefu wa springi.

Kilichofuata baada ya kupiga picha kilizidisha upungufu huo. Mashirika ya habari za filamu kama Visnews yalisambaza mikanda mingi ikiwa bubu, ikisindikizwa na karatasi ya maelezo, yaani ukurasa uliotaja mahali, tarehe na tukio, ili kila kituo cha runinga kiweke sauti ya msimulizi wake. Rais aliyejulikana kwa ufasaha wa ulimi amehifadhiwa hivyo katika sehemu kubwa ya filamu akifungua na kufumba kinywa, huku mtu ambaye hakuwapo uwanjani akieleza kwa Kiingereza kile kinachodhaniwa kuwa kilisemwa.

Sauti yenyewe haikupotea, bali ilibaki nyumbani. Tanzania Bara haikuwa na runinga hadi mwaka 1994, miaka 9 baada ya Mwalimu kuondoka madarakani, kwa hiyo katika muda wote wa urais wake wananchi wengi walimfahamu kwa sikio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo hazina yake ya kanda za sauti imerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania na imeendelea kusikika katika kipindi cha Wosia wa Baba. Hotuba ya tarehe 2 Novemba 1978 katika ukumbi wa Diamond Jubilee, ambamo aliwaeleza wazee wa Dar es Salaam azma ya kumpiga Idi Amin, mtawala wa Uganda, baada ya uvamizi wa Kagera, inakumbukwa na waliokuwa watu wazima wakati huo kwa kupanda kwa sauti, kwa vituo na kwa makofi yaliyoitikia, si kwa sura. Mtafiti anayeandika kwa kutegemea filamu peke yake ataandika juu ya fimbo, suti na tabasamu. Anayetegemea kanda za sauti peke yake hatawaona waliokuwa wakisikiliza, wala hatajua ni nani aliyeketi mbele na nani aliyesimama nyuma. Mwalimu alitawala kwa mazungumzo, kwa kuuliza swali na kungoja jibu la umati, na mazungumzo hayo yana pande mbili ambazo leo zimehifadhiwa mbalimbali.

Kazi ya kuzioanisha si ndogo. Kamera ya springi haiendi kwa mwendo ulio sawa, hivyo sauti iliyowekwa juu ya picha huachana nayo baada ya sekunde chache, na anayezirudisha pamoja hana budi kusoma midomo, kulinganisha mapambo ya jukwaa na kuhakiki tarehe katika magazeti ya siku ile. Ni lazima awe mtu anayekijua Kiswahili kikamilifu, na hapo ndipo hoja ya toleo hili inapokaza: ufunguo wa mikanda hiyo uko Afrika Mashariki, hata pale ambapo mikanda yenyewe haipo.

Ndivyo ilivyo pia kwa majina. Picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964 huonyeshwa kila mwaka katika maadhimisho ya Muungano, lakini vijana walioshika chungu na vibuyu walibaki kwa muda mrefu kama sehemu ya mapambo, hadi magazeti ya Tanzania yalipowatafuta na kuwahoji. Katalogi nyingi, yaani orodha zinazoeleza kilichomo katika kila mkanda, humtaja Rais na mgeni wake, kisha huandika neno umati kwa wote waliosalia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linalohitajika hapa ni la majina.

Kuhusu diplomasia, inatosha kusema kwamba kila mji mkuu ulihifadhi rafiki yake. Mikanda ya Marekani inamwonyesha Mwalimu akiwa na Kennedy mwezi Julai 1963, ya China inamwonyesha Beijing mwezi Februari 1965, na mwaka 1977 pekee Dar es Salaam iliwapokea Fidel Castro wa Kuba na Nikolai Podgorny wa Umoja wa Kisovieti mwezi Machi kabla Rais hajapokelewa na Carter Washington mwezi Agosti. Sera ya Tanzania ya kutofungamana na upande wowote haionekani katika mkanda wowote mmoja. Huonekana pale tu mikanda yote inapowekwa mezani pamoja.

Makala ya kwanza na ya pili katika toleo hili zinaeleza kwa kina namna ya kuoanisha kanda za redio na filamu bubu, na zimepewa kurasa nyingi kwa makusudi. Makala ya tatu inaeleza jinsi filamu za asetati zinavyooza na kutoa harufu ya siki, na jinsi baridi na ukavu vinavyochelewesha uozo huo. Ya nne inachunguza Filmske novosti, shirika la filamu za habari la Yugoslavia, na mikanda ya safari za Rais wa nchi hiyo, Tito, aliyefika Tanzania mwaka 1970. Ya tano inahusu hakimiliki.

Pendekezo la UNESCO la kulinda na kuhifadhi picha jongefu lilipitishwa tarehe 27 Oktoba 1980, na Tanzania ina Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa ya mwaka 2004, kwa hiyo msingi wa kisheria na wa kimaadili upo. Kisichokuwapo ni muda. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipotazama udongo ukichanganywa amekwisha kupita miaka 80, na hakuna mashine itakayotambua sura anazozitambua yeye. Taasisi zenye nakala, ziwe chache namna gani, ziwaalike wazee hao sasa, ziwaonyeshe picha, ziwasikilizishe kanda, na ziandike kila jina watakalolitaja, kwa maana filamu inaweza kusubiri katika chumba cha baridi lakini shahidi hawezi.