Wanafunzi Wasiwe Wapangaji wa Intaneti

Mwanafunzi wangu mmoja wa isimu alianza kwa kujifunza HTML, akajenga tovuti ya methali za Kiswahili. Leo ameitelekeza, kila akiandikacho hukiweka katika mitandao ya kijamii. Simlaumu, kwani huko ndiko waliko wasomaji. Lakini aandikaye huko ni mpangaji, na mwenye nyumba aweza kumfungia mlango wakati wowote. Yahoo ilipoifunga GeoCities nchini Marekani mwaka 2009, kurasa nyingi mno za watu wa kawaida zilitoweka. Ilhali tangu 1993, CERN ilipoutoa mfumo wa wavuti bila malipo, kila mtu ana ruhusa ya kujenga kwake. Vyuo vikuu vyetu havina budi kuwafundisha wanafunzi wa lugha ujenzi huo na kuwahifadhia kazi zao. Ama sivyo, Kiswahili kitaishi kwa kodi hadi lini?