Pikipiki Ilichorwa kwa Ajili ya Nani?



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alifika kwenye mkutano akichechemea. Alikuwa ametoka soko kwa pikipiki, ameketi upande, mtoto mgongoni, kikapu cha samaki juu ya magoti. Njiani ncha ya liputa lake ikanaswa na gurudumu la nyuma. Mungu akasaidia, motari alikuwa anakwenda polepole. Liputa lilipasuka, mama akaumia magoti, mtoto akabaki mzima. Wengine wetu tulisema: "Kosa ni la liputa. Angevaa suruali." Lakini tulipofika nyumbani tulijiuliza kama ni kweli.

Kila gari na kila pikipiki ina watu walioichora kabla ya chuma kukatwa. Mchoraji mzuri huanza kwa kuuliza: nani ataketi hapa? Amevaa nini? Amebeba nini?

Huko Ufaransa, wachoraji wa Citroën waliambiwa watengeneze gari la wakulima, ambalo litapita katika shamba lililolimwa likibeba kikapu cha mayai, wala yai moja lisivunjike. Ndiyo 2CV, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1948. Huko Italia, Corradino D'Ascanio alikuwa fundi wa ndege, tena hakupenda pikipiki: aliziona chafu na za kuchosha. Kwa hiyo alipochora Vespa, iliyotoka mwaka 1946, alificha mashine chini ya kifuniko ili mafuta yasichafue nguo, akaweka ngao mbele ya kuzuia matope, na akaacha nafasi wazi mbele ya kiti. Mwanamke mwenye sketi akaweza kupanda bila kuinua mguu juu. Safari ikawa raha.

Sasa tufike kwenye pikipiki zetu. Nyingi tunazopanda zinatengenezwa India, na huko wamama wengi huvaa sari, nguo ndefu kama maputa yetu, na huketi upande kama sisi. Hawakuambiwa waache sari. Kanuni za magari za India za mwaka 1989 zinadai kwamba pikipiki ya kubeba abiria iwe na mahali pa kushika, mahali pa kukanyaga, na kizuizi kinachofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo ya abiria isinaswe. Basi liputa halina kosa. Kuna watu waliolifikiria vazi la namna hiyo, wakatafuta dawa yake.

Na sisi hatukosi akili hiyo. Tuangalie chukudu za Goma: ni mafundi wetu wenyewe walizichonga kwa mbao, wakaweka hata mahali laini pa kuegemeza goti, kwa sababu walijua goti la mwenye kusukuma linaumia.

Kwa hiyo, wamama, juma hili tufanye mambo matatu. Kabla ya kupanda, tuangalie gurudumu la nyuma: kizuizi kipo, au kiling'olewa? Kama hakipo, tungoje pikipiki nyingine, hata kama tumechelewa. Tukisha kuketi, tukunje ncha za liputa na kamba ya mbeleko, tuzikalie, ndipo tumwambie motari aondoke. Na katika mkutano ujao tuchague wamama wawili waende kuongea na wakubwa wa chama cha motari. Waende bila ugomvi. Wawaambie: abiria wenu wengi ni sisi, na fundi wa vyuma wa mtaani anaweza kufunga kizuizi hicho.

Mchoraji aliye mbali hawezi kutusikia. Motari wa mtaani kwetu anatusikia, na mara nyingi ni mtoto wetu. Mtoto asipolia, mama hajui kama ana njaa. Tuseme basi.