Lubumbashi: Mti wa maua mekundu usiangushwe kwa ajili ya makala

Pembezoni mwa Lubumbashi kuna mimea mitatu isiyo ya ukoo mmoja. Erythrina, mti mwenye miiba na mbegu nyekundu, ni jamaa ya maharagi. Leonotis, yenye vichwa vya mviringo kandokando ya njia, ni jamaa ya lumbalumba. Aloe iko karibu zaidi na vitunguu. Lakini maua yao yanafanana: membamba, marefu, rangi nyekundu au ya machungwa, na maji matamu mengi ndani.

Sababu ni mgeni mmoja: chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda. Yeye anaona wekundu vizuri kuliko nyuki. Akinywa, unga wa ua humshika, naye huupeleka kwenye ua lingine ili mbegu zipatikane. Kizazi kwa kizazi, mimea iliyomvuta ndiyo iliyozaa zaidi. Kule Amerika, maua ya namna hiyo yanahudumiwa na ndege wadogo wa ukoo mwingine kabisa.

Basi mimea hii inategemeana bila undugu. Erythrina huchanua wakati wa kiangazi, maua mengine yakiwa haba. Ukiangushwa, chozi huenda kutafuta kwingine, na mimea jirani inakosa mhudumu.

Familia zilizokimbia vita zisilaumiwe; makala ndiyo inayopika chakula chao cha leo. Lakini mti huu ni mwepesi, makala yake haina nguvu. Machifu na wachoma makala wakubaliane kuuacha umesimama: hasara ni ndogo, faida ni ya pori zima.