Ukifika Sibiloi usiokote jiwe

Watoto wanapoanza kudai matembezi ya likizo ya Agosti, wengi wetu hukimbilia Mbuga ya Nairobi, Nakuru au, mfuko ukiruhusu, Maasai Mara. Leo nataka twende mbali zaidi, mahali ambapo simba si habari kubwa. Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi iko kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, zaidi ya kilomita 700 kutoka Nairobi kwa barabara. Lami ipo hadi mjini Marsabit. Mbele ya hapo jiandae kwa changarawe, mchanga na mawe meusi ya volkeno, upitie North Horr au Loiyangalani, na upepo ambao hauna adabu hata kidogo.

Na baada ya mateso yote hayo utaona nini? Makumbusho madogo karibu na makao makuu ya mbuga huko Alia Bay, na mifupa. Tafadhali usicheke. Ingia humo kwanza kabla ya kwenda kwingine, kwa sababu bila maelezo ya pale, Sibiloi yote itakuwa kwako na kwa wanao jangwa tupu lenye jua kali, na mtauliza mafuta ya gari yameliwa bure kwa nini.

Ukiisha kuelewa, nenda ukaone visukuku vilivyoachwa pale pale vilipopatikana, vikajengewa vibanda vya kuvikinga. Yupo kobe mkubwa ajabu, yupo mamba, na yupo ndovu wa aina iliyokwisha kutoweka. Kuna pia magogo ya miti iliyogeuka mawe. Muulize mtoto wako: kobe na ndovu wa kimo hicho walikula nini katika ukavu huu? Atajibu mwenyewe kwamba palikuwa na majani, miti na mito. Jibu hilo halipatikani kwenye kabati la vioo mjini, hata kabati liwe zuri namna gani. Linapatikana kwa kusimama hapo na kutazama huku na huku.

Ndiyo sababu sheria inakataza kuokota chochote, na hapa naomba wazazi wanisikilize kwa makini, maana mkono wa mtoto ni mwepesi. Kisukuku ni mfupa uliozikwa kwenye tope au mchanga, madini yakauingia taratibu hadi ukawa jiwe. Mfupa wenyewe haukwambii umri wake. Umri unasomwa katika udongo uliouzunguka, hasa matabaka ya majivu ya volkeno yaliyo juu na chini yake, ambayo wataalamu wanaweza kuyapima. Ukiuokota ukautia mfukoni uwe ukumbusho wa sebuleni, umebeba jiwe tu.

Mfano upo. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya wa kikosi cha watafutaji wa visukuku kilichoongozwa na Kamoya Kimeu, aliona vipande vya mfupa kwenye korongo katika eneo la Koobi Fora. Vipande hivyo, ambavyo vilizidi mia moja, viliunganishwa vikawa fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu. Lilikuwa chini ya tabaka la majivu ambalo wakati huo lilisemekana kuwa na umri wa miaka milioni 2.6. Basi dunia nzima ikapiga kelele kwamba babu yetu ni mkongwe kuliko ilivyodhaniwa.

Aliyeharibu sherehe ni nguruwe! Naam, nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale yalibadilika upesi kizazi baada ya kizazi, na yale yaliyopatikana chini ya majivu ya Koobi Fora yalifanana na meno ya bonde la Omo, kule Ethiopia, kutoka tabaka la miaka milioni mbili hivi. Mabishano yalidumu miaka kadhaa, vipimo vikarudiwa, na mwishowe umri wa majivu yale ukashuka hadi karibu milioni 1.9. Sasa fikiria kama wapita njia wangekuwa wameyaokota meno hayo ya nguruwe kwa sababu yanavutia.

Na ardhi hiyo haijamaliza kusema. Mwaka 2024 watafiti walitangaza nyayo za miaka milioni 1.5 zilizopatikana Koobi Fora, za aina mbili tofauti za jamaa zetu, waliopita kwenye tope moja la ufuo kwa muda usioachana sana. Mguu mmoja wa ng'ombe au tairi moja ya gari lililoacha njia lingetosha kuzifuta.

Ziwa lenyewe lina mashaka yake. Sehemu kubwa sana ya maji yake hutoka Mto Omo, na kutokana na bwawa la Gibe III lililojengwa huko Ethiopia, UNESCO iliziweka mbuga za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2018.

Kwa wenye nia: nendeni magari mawili, yenye nguvu za magurudumu yote manne, mbebe maji, chakula, petroli ya akiba na tairi za ziada. Ziwani msiogelee hovyo, mamba wa huko si visukuku.

Asiye na uwezo huo apande matatu hadi Makumbusho ya Kitaifa pale Nairobi, mwanafunzi akiwa na kalamu na daftari. Fuvu la Ngeneo linajulikana kwa namba KNM-ER 1470. KNM ni makumbusho yetu ya kitaifa. ER ni East Rudolf, yaani mashariki mwa Rudolf, jina ambalo wageni walilipa ziwa hilo na ambalo Kenya ililibadilisha kuwa Turkana mwaka 1975. Kila fuvu utakaloliona lina herufi hizo mbili, ujue lilitoka upande ule wa Sibiloi.