Pimeni Upya Ardhi ya Ukambani: Barua ya Wazi kwa Magavana wa Kitui na Makueni

Waheshimiwa Magavana,

Nawaandikia kwa ombi moja: ardhi ya kaunti zenu ipimwe upya, ijulikane ni zao gani linafaa wapi katika hali ya hewa tuliyo nayo sasa.

Kanda za kilimo tunazozitaja hadi leo zilichorwa na Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt kwa niaba ya Wizara ya Kilimo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na toleo jipya likatoka miaka ya 2000. Ilikuwa kazi ya makini sana. Ndiyo iliyoweka sehemu kubwa ya Ukambani katika kanda za LM4, ambako pamba huponea chupuchupu, na LM5, nchi ya mifugo na mawele. Msingi wake ulikuwa swali la busara: katika miaka kumi, mkulima anaweza kutegemea mvua kiasi gani katika miaka sita? Jibu lilitokana na rekodi za mvua za wakati ule. Mkulima wa Mutomo au Kathonzweni leo ana haki ya kuuliza kama ile sita bado ni sita.

Anauliza kwa sababu yamemfika. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo, mvua ziliwavunja moyo watu wa Pembe ya Afrika, na Ukambani haikusazwa. Vuli ya 2023 ikaja El Niño na mafuriko yake. Wanasayansi wa World Weather Attribution walichunguza ukame ule, na mwaka 2023 wakaeleza kwamba mvua za masika zinaendelea kupungua, ilhali za vuli zinaelekea kuongezeka. Wakasema pia kwamba joto lililozidi hunyonya maji ya udongoni na ya mimea kiasi cha kugeuza upungufu wa kawaida kuwa ukame mkali.

Basi ramani inayojumlisha mvua za mwaka mzima itatupotosha. Sisi twaishi kwa vuli. Shamba moja la Zombe laweza kufaa kwa ndengu mwezi wa Novemba, na mwezi wa Aprili lisifae ila kwa majani ya ng'ombe. Mahindi hayaulizi mvua ya mwaka ilikuwa milimita ngapi. Huuliza kama kulikuwa na unyevu wiki zile yanapotoa maua, na mvua ikikatika hapo, bua hubaki bila gunzi la maana. Ndiyo sababu watafiti wa kituo cha kilimo cha Katumani walihangaika kupata mahindi yanayokomaa mapema. Ndengu huondoka shambani kwa miezi miwili na ushee, na mbaazi hutuma mizizi chini ikavuka kiangazi. Halafu kuna udongo wenyewe: mwingi wa kwetu hufunga ukoko juu mvua kubwa inapopiga, maji yakakimbilia mtoni badala ya kuzama. Kwa udongo huo, vuli yenye mvua nyingi zaidi si lazima iwe vuli ya mavuno.

Miti inahitaji uangalifu zaidi. Aliyepanda ndengu mahali pasipofaa hubadili msimu ujao. Aliyepanda maembe akitazamia soko la kiwanda cha matunda cha Kalamba ameweka ahadi ya miaka mingi, na miche anayoipanda leo itakuwa ikizaa mwaka 2050. Miti hiyo ipimwe kwa joto la miaka hiyo.

Naomba pia tahadhari, na sababu yake imo katika historia yetu. Mwaka 1937 afisa wa kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti kali kuhusu mmomonyoko wa udongo wa Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo. Serikali ilishikilia kwamba mifugo imezidi uwezo wa ardhi, ikaanza kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi, Muindi Mbingu akiwa kiongozi wao. Miaka ikapita, watu wakachimba matuta ya fanya juu mlima kwa mlima. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliothibitisha kwamba wilaya ile ile ilikuwa imezidisha watu zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua. Walioihukumu ardhi ile hawakuhesabu jembe la mwenyewe.

Kwa hiyo watakaopima wahesabu matuta. Wahesabu mabwawa ya mchanga yaliyojengwa katika mito ya msimu ya Kitui, kwa maana shamba lililo kando ya bwawa la namna hiyo si sawa na la jirani aliye kilomita tano juu. Neno "haifai" lisiandikwe juu ya shamba la mtu kabla mpimaji hajatembea humo na mwenye shamba. Na lisitumiwe kamwe kumnyima mtu barabara, mbegu au bima.

Wa kuifanya kazi hii wapo. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, liko Katumani na Kiboko, Chuo Kikuu cha SEKU kiko Kitui, Idara ya Hali ya Anga ina rekodi. Makueni ilitangulia kaunti nyingine kuweka kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2015, na ina kamati za wadi zinazofahamu kila kijito. Ramani iwe ya wadi kwa wadi, zao kwa zao, vuli peke yake na masika peke yake. Iandikwe kwa Kiswahili na Kikamba, isomwe barazani, na irudiwe kila mpango wa maendeleo wa kaunti unapoandikwa. Fedha za mbegu na mbolea ziifuate.

Mpango wa sasa unakoma mwaka 2027. Nawaomba ramani ya kwanza iwe mezani kabla unaofuata haujapitishwa.